Nilitaka kununua kreni ya kukatia miti, Kalala akakwangua rangi

Wakuu, habari za huko mliko.

Kuna mdau juzi aliuliza humu kama auze shamba anunue kreni kwa ajili ya business yake ya kukata miti mjini. Nimesoma majibu yote. Wengi mmemwambia anunue, wachache mmemkataza, ila hakuna hata mmoja aliyemuuliza nani ataiendesha.

Mimi swali hilo lilinikuta Kolwezi, Katanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nitawasimulia lilivyokuwa. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Mtanisamehe kitu kimoja. Kiswahili changu ni cha Kolwezi. Nimejitahidi kukinyoosha, lakini maneno ya watu nimeyaacha walivyoyasema wenyewe.

Haya, twende.

Kolwezi ni mji wa shaba. Nyumba zilijengwa na kampuni ya migodi, shule pia, hospitali pia, hata miti ilipandwa na kampuni. Mikaratusi mirefu kando ya barabara, mijakaranda mbele ya nyumba, miembe nyuma. Kampuni ilipokuwa na nguvu ilikuwa na kikosi kizima cha kupogoa.

Halafu mambo yakaanza kuanguka. Uzalishaji ukashuka, mishahara ikawa hadithi, wanajeshi wakapora maduka. Kikosi cha miti kilikuwa cha kwanza kusahaulika.

Ila miti yenyewe haikusahau kukua. Baada ya misimu miwili ya mvua matawi yalikuwa yameegemea mabati ya watu.

Hapo ndipo mimi na Kalala tukapata kazi.

Mimi naitwa Banza, kwetu ni kaskazini mwa Katanga. Nilikuwa karani wa stoo, nikasimamishwa. Kalala alikuwa dereva wa kreni kwa mkandarasi mmoja Mgiriki. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Kasai alikuwa hajawahi kuikanyaga.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa rahisi. Mimi nilikuwa mwembamba, napanda. Yeye alikuwa na tumbo, anabaki chini na kamba. Nafunga tawi, nalikata, yeye analishusha polepole, kamba ikiwa imezungushwa kwenye shina ili isimponyoke.

Huyu mtu alikuwa anaongea, jamani! Mimi niko juu nimeshikilia maisha, yeye chini ananieleza mke wake anapika nini. "Tata Banza, fanya mbio, Mama Ntumba alitia karanga mu sombe." Sombe ni kisamvu. Siku akinyamaza nilikuwa naogopa, maana nilijua ameona kitu kibaya kwenye mti.

Kitu kingine, alikuwa na alama za mikono za watu wa kreni: pandisha, shusha, simama, kidogo tena. Alizitumia hata mezani. Mama Ntumba akimpakulia bukari, yaani ugali, yeye anaonyesha kwa vidole: shusha, shusha, simama. Mama Ntumba alikuwa anamwekea kidogo makusudi, ili aendelee kupunga.

Niseme ukweli, nilimpenda Kalala kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Sasa kreni.

Baada ya uporaji yule Mgiriki aliamua kufunga karakana aondoke. Alikuwa na kreni moja juu ya lori, ya njano, mkono wake ukinyooshwa unapita paa la kanisa. Ndiyo kreni aliyokuwa anaendesha Kalala miaka yote. Mgiriki akanifuata mimi. Pesa ya wakati ule ilikuwa karatasi tu, hakuitaka. Alitaka pikapu yetu ya kubebea matawi na kiwanja nilichopewa na baba yangu pale Kasulo, ampe mtu aliyekuwa anamdai fadhila.

(Mnaoijua Kasulo ya leo, ambapo watu wanachimba kobalti chini ya vitanda vyao, najua mnacheka. Wakati ule kilikuwa kiwanja cha mihogo tu.)

Nilipagawa. Fikirieni mti ulio katikati ya kuta tatu, nyumba huku, nyumba kule, choo nyuma. Kwa kamba ni siku tatu na roho mkononi. Kwa kreni, unafunga, unakata, unainua juu ya paa, unaweka barabarani. Asubuhi moja tu.

Nikampelekea Kalala habari kama mtu anayeleta barua ya harusi. Akasema, "Tutaona."

Basi. Tutaona. Mtu anayeongea kutwa nzima, siku hiyo maneno yalimwishia. Nikamwambia twende tukaiangalie, akasema mguu unauma. Kesho yake, mtoto ana homa. Wiki nzima sababu.

Na wiki hiyohiyo ndipo kufukuzwa kulipoanza.

Kwa wasiojua: viongozi walisimama kwenye mikutano wakasema Wakasai ndio waliomaliza Katanga, waondoke warudi kwao. Wakaitwa wadudu. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu waliozeeka kazini wakaambiwa wafunge mizigo. Walimu walitolewa darasani mbele ya wanafunzi wao.

Kwenye mtaa wetu kulifanyika mkutano. Mtu akasimama akataja nyumba za Wakasai moja baada ya nyingine, na nyumba ya Kalala akaitaja. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimekaa benchi la pili.

Nilinyamaza.

Huo ndio ujinga wenyewe. Nimeuweka hapa kwa sababu niliahidi.

Nikaenda kwa mkubwa mmoja wa mtaa, mtu niliyesoma naye. Nikamuuliza kama hakuna njia kwa Kalala. Akafikiri, akaniambia, "Mashini iko mingi hapa yenye haiko na batu. Mafundi wa lazima tunabaandikia karatasi, banabakia. Wewe uko na mashini gani?"

Yaani fundi wa mashine isiyo na mtu mwingine anaandikiwa kibali, anabaki. Mnaona? Ghafla kreni ikawa kitu kingine kabisa.

Nilirudi nyumbani nakimbia. Nikamwambia mke wangu, Mama Georgette, kwamba nimeamua, natoa pikapu, natoa kiwanja. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Unanunua grue ao unanunua Kalala?"

Grue ndiyo kreni, kwa Kifaransa chetu. Nikamjibu, "Yote mbili."

Akasema, "Basi wende naye. Usiende peke yako."

Safari hii Kalala hakuweza kukataa, maana nilimweleza habari ya karatasi mbele ya Mama Ntumba. Yule mama alikaa chini palepale sakafuni akafunika uso kwa kitenge. Alikuwa na mama yake mzazi mle ndani, kikongwe asiyeona vizuri, na watoto wanne. Alikuwa ameanza kufunga vyombo.

"Kalala," alisema, "wende uangalie ile mashini."

Tukaenda. Mgiriki alikuwa ameiosha inang'aa. Akawasha mwenyewe, ikanguruma vizuri. Miguu minne ya chuma ikashuka pembeni, mkono ukapanda. Mimi nilikuwa tayari nimeshaona jina letu limeandikwa mlangoni.

Kalala hakupanda kwenye kiti cha dereva. Aliomba mkono ushushwe, akapanda juu yake, akatembea kwa magoti hadi karibu na kiungo cha tatu. Akatoa kisu mfukoni. Akaanza kukwangua rangi.

Mgiriki akazima injini.

"Banza, kuya," Kalala akaniita. "Angalia hapa."

Chini ya njano kulikuwa na mshono wa kuchomelea, mrefu kama mkono wangu, umezunguka chuma karibu nusu. Na pembeni ya mshono, ufa mwembamba kama unywele.

"Ni mi njo nilivunja," akasema. "Ile mwaka tulikuwa tunatosha tangi ku Mashamba. Nilijua iko mizito. Patron alisema inua, mi nikainua. Bakachomelea, bakapaka rangi. Aliniambia ninyamaze, nikanyamaza mpaka lelo."

Mashamba ni mashimo makubwa ya machimbo nje ya mji; kutosha kwetu ni kutoa, na patron ni bosi, huyohuyo Mgiriki. Mgiriki alikuwa anatazama viatu vyake. Sikumchukia, alikuwa mtu anayekimbia tu, kama wengine.

Aliyenikasirisha ni Kalala.

Nilimvuta pembeni, nikamfokea. Nilimwambia alikuwa na uwezo wa kunyamaza siku moja zaidi! Karatasi ingetoka, angebaki, watoto wangebaki shule. Nani alimwomba akwangue rangi?

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema polepole, "Kama ninanyamaza, kila siku mi niko mu kiti, wewe uko chini unafunga muti. Siku yenye ile mukono inakatika, itaangukia nani?"

Nikasema tutainua vitu vyepesi tu.

"Muti haiko na kilo zake zenye kuandikwa, Tata. Sanduku banaandika, tangi banaandika. Muti ya mvua ni nani anaandika? Unaikata, uzito yote inaruka ku kamba mara moja. Haikuombi ruhusa."

Nililia pale karakanani, mtu mzima, mbele ya Mgiriki. Kalala alinipangusa kwa kofia yake, kofia yenyewe imejaa grisi. Nikatoka na uso mweusi. Njiani watu walinicheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Basi kreni hatukununua.

Najua kuna mdau atauliza hapo chini kwa nini sikununua hivyohivyo, nipate karatasi, kreni nisiitumie. Mkuu, nililifikiria. Nilimwambia Kalala tuiegeshe tu uani. Akaniuliza, mtu wa lazima wa mashine isiyofanya kazi, atakuwa wa lazima mpaka lini? Wangekuja wiki ya pili kusema, haya, inueni tuone. Na kwa kujijua, akasema, siku hiyo angeinua.

Siku chache baadaye alama ya msalaba ikapakwa kwenye mlango wao. Wakahamia gare, kituo cha treni, kama maelfu ya wengine.

Treni zenyewe hazikuja. Watu walikaa pale wiki na wiki, chini ya vibanda vya maturubai na shuka, mvua ikinyesha. Mama Georgette na mimi tulikuwa tunapeleka unga na chumvi, na maji safi, maana watoto walikuwa wanaugua. Niseme pia kwamba hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na Wakatanga wengi tu waliopeleka vyakula kwa marafiki zao, wengine kwa kujificha.

Sasa pale gare, nyuma ya bohari la mizigo, kulikuwa na mkaratusi mmoja mzee. Mkubwa, watu watatu hawaukumbatii. Chini yake ndipo familia nyingi zilipobanana, kwa ajili ya kivuli na ukavu.

Mkaratusi una tabia mbaya. Hausubiri upepo. Siku imetulia kabisa, tawi zito kama ng'ombe linajiachia.

Asubuhi moja nilipofika nilimkuta Kalala amesimama anaangalia juu. Hasemi neno. Nikajua.

Tawi moja lilikuwa limeshaanguka kwenye sufuria za watu, Mungu saidia hakukuwa na mtu. Juu kulikuwa na mengine matano, na mojawapo lilikuwa limeanza kupasuka kwenye kwapa lake. Familia hazikuwa na pa kuhamia. Walinzi walikataa wasogee upande wa reli, na ng'ambo ya ukuta vijana walikuwa wanangoja.

Kalala akaniuliza, "Ulileta kamba?"

Nilirudi nyumbani kuchukua vifaa vyote. Mlangoni mlinzi mmoja, kijana wa kwetu kabisa, akanizuia. "Wewe ni mutu yetu. Juu ya nini unasaidia bale?"

Wiki na wiki nilikuwa nimetayarisha kichwani majibu ya swali hilo la kwa nini nawasaidia wale, hotuba ndefu. Siku hiyo yote yalitoroka. Nilisema tu, "Kalala eko kule chini ya muti."

Akaniangalia. Akasogea pembeni.

Ile kazi ilitushika siku mbili, na wakuu, sijawahi kufanya kazi kama ile tena. Chini yako si uwanja wala paa la bati. Ni watu. Watoto, wajawazito, yule kikongwe wa Mama Ntumba amelala kwenye godoro. Wanasogea hatua kumi tu, hakuna zaidi ya hapo. Kila kipande lazima kishuke kama mtoto mchanga anayelazwa kitandani.

Matawi yalikuwa mazito mno kwa mtu mmoja kwenye kamba. Kalala akapanga watu. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, mchungaji, mafundi wawili wa umeme, mama muuza samaki mwenye mikono yenye nguvu kuliko mafundi wote. Akawazungushia kamba kwenye shina, akawapanga mstari. Yeye akasimama mbele yao, ananiangalia mimi juu na wao chini, na mikono yake ikaanza kuongea.

Pandisha. Simama. Shusha. Shusha. Kidogo tena. Simama.

Watu ambao siku ile asubuhi walikuwa hawana kitu cha kufanya ila kungoja, wakamsoma vidole kama wamesoma miaka. Nilikata tawi lililopasuka nikiwa nimefumba macho, wallahi. Nilisikia kamba ikilia. Nilipofumbua, lilikuwa linaning'inia limetulia juu ya maturubai, halafu likaanza kushuka, taratibu, likapita kati ya vibanda viwili, likagusa ardhi. Hata jani halikumgusa mtu.

Watu walipiga vigelegele. Kwenye gare ile, vigelegele! Walinzi walikuja mbio wakidhani kuna fujo.

Kuni ziligawanywa kwa kila kibanda. Zilikuwa mbichi, moshi ukajaa gare nzima, kila mtu anakohoa. Mama Ntumba alitupigia kelele, "Mulitukomboa ku muti, sasa munatuua na moshi!" Halafu akatupakulia. Siku hiyo alijaza sahani ya Kalala mpaka juu bila kungoja ishara ya kusimama.

Treni ilikuja baada ya siku tisa. Mabehewa ya mizigo. Sitaeleza sana. Nilimsaidia kumbeba mama mkwe wake, tukamlaza pembeni. Kalala alitaka kuniachia kofia, nikamwambia utaunguzwa na jua njiani, akaivaa.

Hatukukumbatiana vizuri hata, watu walikuwa wanasukumana. Alining'ang'ania mkono akasema, "Usipande muti kama hakuna mutu chini mwenye kukuangalia." Nikasema sawa. Treni ikaenda.

Mama mkwe hakufika. Walimzika kando ya reli, kituo ambacho hata jina lake hawakulijua. Habari hiyo niliipata mwaka uliofuata, kwa barua aliyokuja nayo mfanyakazi wa treni. Wengine walifika wote, Mwene-Ditu, mji ambao Kalala alikuwa anausikia tu kwa wazazi wake. Aliandika kwamba kule wanamcheka Kiluba chake, lugha ya huko, wanamwita Mkatanga.

Mimi niliendelea na miti. Nilitafuta mtu wa chini, ikanichukua karibu mwaka mzima kumpata wa kumwamini. Migodi ilipofufuka na kreni zikajaa mjini, nilikuwa nakodi kwa siku, pamoja na dereva wake. Kila nikikodi naomba kuangalia viungo kwanza, na kisu ninacho mfukoni. Madereva wananiona mzee msumbufu. Mmoja pale Fungurume aliniuliza kama natafuta dhahabu chini ya rangi.

Kalala alikuja kututembelea mara moja, miaka mingi baadaye, amekonda, tumbo limekwisha. Alikaa kwangu wiki tatu. Siku ya pili tangu afike, yule mtu aliyetaja nyumba kwenye mkutano alibisha hodi na kuku mkononi. Alishindwa kusema alichokuja kusema. Kalala alimpokea kuku, akamwambia akae. Walikula pamoja. Kuhusu benchi la pili, nilimweleza mimi mwenyewe jioni ileile. Akaniambia, "Nilijua. Mama Ntumba alikuwa ku dirisha." Alijua miaka yote, hata siku ile ya karakana. Alijua akakwangua rangi hata hivyo.

Alifariki mwaka juzi huko Mwene-Ditu. Niliwahi mazishi.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza, jibu langu ni hili. Usianze na kreni. Anza na mtu. Tafuta yule ambaye akiona ufa atakwambia, hata kama kunyamaza kungemfaa. Ukiwa naye, kamba zinatosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Ukiwa huna, hiyo kreni itakuwa jumba la kifahari lisilo na msingi. Ukishampata, kodi kwa siku, uone kama miti ya mji wako inaweza kuilisha. Kununua kutakuja kwenyewe, au hakutakuja, si kesi.

Wenye uzoefu wa kreni mnisahihishe nilipokosea, sina kinyongo.

Na ombi moja la mwisho. Wale watu walioshika kamba pale gare tuliwapanga haraka haraka, sikuwauliza majina. Mwalimu wa hesabu, mchungaji, mafundi wa umeme, mama wa samaki. Kama uko humu, au mzazi wako aliwahi kukusimulia habari ya mkaratusi wa Kolwezi, andika jina hapo chini. Nitakaa kwenye uzi huu kusubiri.